Simu ya Dubai Ilishika Mtandao, ya Marekani Ikagoma

Kwa mafundi wa simu wa Kariakoo wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, sehemu ya maana kuliko zote katika simu haikuwa kioo wala vitufe, bali kibandiko cheupe kilichokaa chini ya betri. Nokia 5110, ile iliyotoka mwaka 1998 na antena yake fupi pembeni, ilikuwa na kibandiko kilichoandikwa NSE-1. Nokia 5130 iliandikwa NSK-1, na Nokia 5190 iliandikwa NSB-1. Ukizipanga tatu hizo mezani usingeweza kuzitofautisha kwa kuzitazama usoni, kwa kuwa umbo lilikuwa moja, vitufe vilevile na tundu la chaja lilelile. Tofauti ilikuwa katika herufi ya tatu ya kibandiko. Ya kwanza ilisikiliza masafa ya megahezi 900, ya pili 1800 na ya tatu 1900. Kwa kuwa hapakuwa na kampuni yoyote nchini iliyorusha mtandao kwenye masafa ya 1900, simu ya tatu ikifika Dar es Salaam ilibaki kuwa saa ya mezani yenye mchezo wa nyoka ndani yake.

Wakati huo nilikuwa kijana wa kukaa kibandani kwa mjomba wangu, kazi yangu ikiwa kuuza vocha na kava, na kuitazama mikono ya fundi aliyepanga meza ya pembeni. Kwa miaka ile nilifikia imani ambayo sijaiacha mpaka leo, kwamba ubora wa simu haukuwa na usemi mkubwa juu ya maisha yake huku kwetu. Kilichoamua ni vikao vya watu wa nchi nyingine waliokubaliana, au waliokataa kukubaliana, miaka mingi kabla simu yenyewe haijatengenezwa. Makala hii inahusu vikao hivyo na namna matokeo yake yalivyofika mpaka kwenye meza ya fundi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ulaya ya Magharibi ilikuwa na mitandao ya analojia isiyosikilizana kabisa. Nchi za Nordiki zilikuwa na NMT tangu mwaka 1981, Uingereza ikaanzisha TACS mwaka 1985, Ujerumani Magharibi ilikuwa na C-Netz, na Ufaransa na Italia kila moja ilikuwa na mfumo wake. Simu nyingi za wakati huo zilifungwa kwenye magari, na gari lilipovuka mpaka simu iligeuka kuwa mzigo tu, kwa sababu upande wa pili hapakuwa na mnara hata mmoja ulioielewa. Hasara haikuwa ya msafiri peke yake. Kiwanda kilichotengeneza simu kwa ajili ya nchi moja yenye wateja maelfu machache hakikuwa na njia ya kushusha bei, hivyo simu ilibaki kuwa mali ya mawaziri, madaktari na wafanyabiashara wakubwa.

Mwaka 1982 CEPT, umoja wa mamlaka za posta na simu za Ulaya, uliunda kamati iliyopewa jina la Kifaransa la Groupe Spécial Mobile, na herufi zake tatu za mwanzo ndizo GSM tunayoifahamu. Kamati hiyo ilifanya kazi kwa mwendo wa kamati, yaani polepole. Mwaka 1986 mifumo kadhaa ya majaribio kutoka nchi mbalimbali ilipelekwa Paris na kupimwa mmoja baada ya mwingine. Mwaka uliofuata ukazuka ubishi mkali, kwani Ufaransa na Ujerumani zilikuwa zimewekeza katika mfumo wa chaneli pana, ilhali wengi waliobaki, wakiwamo Wanordiki, walitaka chaneli nyembamba. Ubishi huo haukumalizwa na wahandisi bali na mawaziri, walipokutana Bonn mwezi Mei 1987, na chaneli nyembamba ikashinda. Tarehe 7 Septemba 1987, mjini Copenhagen, waendeshaji mitandao wa nchi 13 walitia saini mkataba wa kufungua mitandao ya aina moja ifikapo mwaka 1991. Jumuiya ya Ulaya nayo ilikuwa imetoa agizo kwamba masafa ya 890 hadi 915 na ya 935 hadi 960 yatengwe katika nchi zote wanachama kwa ajili ya kazi hiyo moja.

Agizo hilo la masafa ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, ingawa wasimulizi wa historia ya simu hulipita haraka. Unaweza kuwa na wahandisi hodari kuliko wote duniani, lakini kama nchi moja imeliachia jeshi lake megahezi 900 na nyingine imezipa redio za teksi, hakuna simu itakayovuka mpaka. Kukubaliana masafa ni kazi ya serikali kuwanyang'anya watu wake kitu walichokwisha kukizoea, na kwa kawaida serikali hazipendi kazi ya namna hiyo.

Mfumo wenyewe uligawa masafa hayo katika chaneli 124, kila moja ikiwa na upana wa kilohezi 200, kisha kila chaneli ikagawiwa watu wanane kwa zamu. Simu hutuma sauti yako kwa kipande kidogo cha muda, hunyamaza wakati wengine saba wanapotuma vyao, kisha hurudi, na mzunguko huo hujirudia takriban mara 217 kwa sekunde. Msomaji aliyewahi kuweka simu karibu na redio ya mbao anazijua zamu hizo kwa masikio yake, maana ule mngurumo wa kukatakata uliosikika redioni sekunde chache kabla simu haijaita ulikuwa ni simu ikijibu mnara kwa zamu yake.

Tarehe 1 Julai 1991 aliyekuwa waziri mkuu wa Finland, Harri Holkeri, alipiga simu kutoka Helsinki kwenda kwa naibu meya wa Tampere, Kaarina Suonio, kupitia mtandao wa Radiolinja, na simu hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya GSM ya kibiashara. Tatizo lilikuwa kwamba minara ilisimama na swichi ziliwaka, lakini dukani hapakuwa na simu za kuuza. Kila simu ilitakiwa kwanza kuthibitishwa na maabara kwamba inafuata kanuni zilizojaa maelfu ya kurasa, na vifaa vya kufanyia uthibitisho huo vilichelewa kuliko simu zenyewe. Wahandisi wakatania kwamba herufi GSM ni sala ya Kiingereza, "God Send Mobiles", ya kumwomba Mungu ashushe simu. Mwaka 1992 ikabidi uwekwe utaratibu wa muda wa kuidhinisha simu kwa vipimo vichache zaidi, na ndipo zikaanza kutoka. Orbitel 901 ilikuwa kama jiwe la kubeba kwa mpini, Motorola 3200 ilifuata, na Nokia 1011 ilizinduliwa tarehe 10 Novemba 1992, ikiwa na uzito wa karibu nusu kilo na nafasi ya kuhifadhi namba 99.

Watu huuliza kwa nini hawakuacha tu simu ziuzwe na kasoro zirekebishwe mbele ya safari. Nadhani ucheleweshaji ule ulikuwa na faida ambayo walioudhika nao hawakuiona. Simu moja mbovu katika mtandao wa zamu humwumiza mwingine, kwa sababu ikituma nje ya wakati wake huharibu mazungumzo ya jirani anayetumia chaneli ileile. Simu ya kiwanda kimoja ilitakiwa ielewane na mnara wa kiwanda kingine bila wahandisi wa viwanda hivyo kupigiana simu. Hata uwezo wa kila simu uliwekewa lugha yake: inapojiunga na mnara, simu hutangaza nguvu yake ya kutuma na aina za usimbaji inazozijua, na mnara huchagua namna ya kuzungumza nayo. Ndiyo maana simu ya mwaka 1993 iliweza kutumika kwenye mtandao uliojengwa miaka kumi baadaye, ikikosa baadhi ya huduma mpya lakini ikipiga na kupokea kama kawaida.

Kisha kuna laini, ile kadi ndogo ya SIM. Wabunifu wa GSM waliamua kwamba utambulisho wa mteja usikae ndani ya simu. Namba yako, ufunguo wako wa siri na jina la kampuni yako vikae kwenye kadi, na simu iwe chombo tupu kinachosubiri kadi yoyote. Kadi za kwanza zilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich kwa ajili ya Radiolinja, zikiwa na ukubwa wa kadi ya benki, na baadhi ya simu za Motorola za miaka ya 1990 zilimeza kadi nzima ya ukubwa huo. Baadaye kikabaki kipande chenye milimita 25 kwa 15. Hata hapo mambo hayakuwa laini moja kwa moja, kwa sababu kadi za awali zilitumia volti 5, na simu mpya za volti 3 zilipoingia sokoni ziliikataa kadi ya zamani ambayo mwenyewe aliapa kwamba jana ilikuwa inafanya kazi. Ilibidi arudi kwenye ofisi ya kampuni akabadilishiwe.

Ukitaka kuona uzito wa uamuzi huo, linganisha na tulikotoka. Simu za mkononi zilipoanza kwetu hazikuwa za GSM. Kenya ilianza mwaka 1993 kwa ETACS, mfumo wa analojia wa Kiingereza, na Mobitel ikaanza Tanzania mwaka 1994 kwa analojia hiyohiyo. Zaire ilikuwa imetangulia, kwani kampuni ya Telecel ya Miko Rwayitare ilianza Kinshasa katikati ya miaka ya 1980 kwa AMPS, analojia ya Kimarekani. Katika mifumo hiyo namba yako iliandikwa ndani ya simu na mafundi wa kampuni. Simu ikiharibika, ulikwenda ofisini kuomba namba ihamishwe, na kumwazima jamaa simu yako lilikuwa jambo lisilo na maana, kwa sababu angepiga kwa jina lako na kwa gharama yako. Mwenye simu ya Mobitel akivuka kwenda Uganda, ambako Celtel ilianza mwaka 1995 kwa GSM, alibeba kifaa kisichojua neno hata moja la huko. Soko la simu za mitumba halikuweza kuzaliwa katika hali hiyo, maana kila mauziano yalihitaji baraka za kampuni.

Kufikia mwaka 2000 hali ilikuwa imegeuka. Zantel ilikuwa imeanza Zanzibar mwaka 1999, Vodacom ikafungua Tanzania Agosti 2000, na Kenya mwaka huohuo ikapata KenCell na Safaricom mpya, zote zikiwa za GSM. Laini ikawa kitu cha kununua kwa bei nafuu, na simu ikawa bidhaa kama sahani au pasi, yenye mpya na iliyotumika, inayouzwa kwa risiti au bila risiti, ya dukani au ya mkononi mwa mpita njia. Hapo ndipo Mtaa wa Aggrey wa Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi zilipopata uhai wake wa simu.

Dubai ilichangia sana. Umoja wa Falme za Kiarabu ulikuwa na GSM tangu mwaka 1994 na Oman tangu mwaka 1996, zote kwenye megahezi 900 kama sisi, na wafanyabiashara wetu walikuwa na njia ya Dubai tangu enzi za vitambaa na vipuri vya magari. Simu zilizoletwa kutoka kule mara nyingi zilikuwa na herufi za Kiarabu juu ya vitufe pamoja na zile za Kilatini, na hakuna mteja aliyelalamika. Mteja alitoa laini yake, akaichomeka, akasubiri mistari ya mtandao ipande upande wa kushoto wa kioo, akapiga simu moja ya kujaribu, na biashara ikaisha hapo.

Simu kutoka Uingereza zilihitaji macho zaidi. Kule kulikuwa na kampuni mbili, One2One iliyoanza mwaka 1993 na Orange iliyoanza mwaka 1994, zilizojenga mitandao yao kwenye megahezi 1800 badala ya 900, na kwa miaka kadhaa ziliuza simu za masafa hayo peke yake. Simu ya namna hiyo ikifika Tabora ilikuwa imekufa. Mjini, ambako kampuni ziliongeza vituo vya 1800 ili kupunguza msongamano, iliweza kushika hapa na kupoteza pale, na mwenyewe akaamini kwamba ina ugonjwa wa antena. Masafa ya juu hayafiki mbali kama ya chini, kwa hiyo ukitoka nje ya mji ulibaki na 900 tupu. Dawa ilikuwa simu za bendi mbili, yaani zilizoshika 900 na 1800 pia, kama Nokia 3210 ya mwaka 1999 na 3310 ya mwaka 2000, na kwa maoni yangu bendi mbili zilichangia sifa ya 3310 kuliko hicho kinachosemwa cha kuanguka bila kuvunjika. Ilishika kila mahali, basi. Motorola Timeport L7089 ilikuwa imekwisha kuongeza bendi ya tatu, ile ya 1900, lakini hiyo ilikuwa simu ya wasafiri wa ndege, na sidhani kama iliwahi kukaa kwenye kibanda chetu kwa zaidi ya siku moja kabla haijanunuliwa.

Kulikuwa na kikwazo kingine ambacho hakikutokana na redio hata kidogo. Kampuni nyingi za Ulaya ziliuza simu kwa bei ya hasara kwa mteja aliyefunga mkataba, kisha zikaifunga simu isikubali laini ya kampuni nyingine. Kwa hiyo ubunifu wa laini, uliokusudiwa kumweka mteja huru, ulitumika kumfunga. Fundi wetu alikuwa na namna yake ya kutofautisha ugonjwa mmoja na mwingine, na ninaikumbuka kwa sababu aliirudia kutwa nzima. Kwanza alichomeka laini. Simu ikiandika kwamba haiikubali kadi hiyo, ilikuwa imefungwa, na hiyo ni kazi ya kompyuta, kebo na pesa kidogo. Ikikaa kimya ikitafuta mtandao bila kuupata, aliingia kwenye menyu akaiamuru itafute mitandao yeye mwenyewe akiisubiri, na orodha ikirudi tupu katikati ya Kariakoo, alifunga mgongo wa simu akairudisha kwa mwenyewe bila kumtoza kitu. Kufuli linafunguka kwa sababu ni programu tu. Masafa yamo ndani ya saketi za redio, ambazo hakuna kebo inayoweza kuzibadilisha.

Kwa simu za Nokia za kizazi kile kazi ya kufungua haikuhitaji hata kebo wakati mwingine. Namba ya kufungulia ilikokotolewa kutoka kwenye IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, pamoja na namba ya nchi na ya kampuni iliyoifunga, na programu ya kukokotoa ilizunguka mafundi kwa mafundi kwenye diski. Ukibonyeza *#06# ukapata tarakimu 15, ukazipeleka kwa mwenye kompyuta, ulirudi na mfuatano mrefu wa kubonyeza. IMEI hiyohiyo ilizaa pia uvumi uliozunguka kwa ujumbe mfupi na barua pepe kwa miaka mingi, ukidai kwamba tarakimu ya saba na ya nane hueleza ubora wa simu: za Finland ni safi, za Ujerumani nzuri, za Emirati mbaya, na za Azerbaijan zina madhara kwa afya. Punje ya kweli ilikuwepo, kwa kuwa tarakimu hizo ziliwahi kuonyesha kiwanda kilichounganisha simu, lakini ubora haukuwahi kuwa sehemu ya hesabu hiyo, na kufikia mwaka 2004 mpangilio huo wa viwanda ulikuwa umefutwa katika namba za simu mpya. Wateja waliendelea kuzisoma tarakimu hizo kaunta kwa bidii, na wauzaji wenye tarakimu nzuri hawakuona sababu ya kuwasahihisha.

Simu zilizoliza watu ni za Marekani. Kule serikali haikuchagua mfumo. Mamlaka ya mawasiliano, FCC, iliuza vibali vya masafa ya 1900 kwa mnada katikati ya miaka ya 1990, na kila mshindi akaachwa ajichagulie. Wengine walichukua TDMA ya Kimarekani, iliyogawa zamu kama GSM lakini kwa vipimo vyake yenyewe. Wengine walichukua CDMA ya kampuni ya Qualcomm ya San Diego. Nextel, iliyokuwa kwenye masafa ya 800, ilichukua mfumo wa iDEN wa Motorola. Wachache walichukua GSM, lakini kwenye 1900. Kwa hiyo katika mji mmoja majirani wanne wangeweza kuwa na simu nne zisizoweza kubadilishana mtandao, na ndugu yetu aliyehamia huko hakuwa na sababu ya kulijua hilo, kwa kuwa kule aliingia dukani, akatoka na simu inayofanya kazi, na hakuiuliza inatumia nini.

Mama mmoja alikuja kibandani na simu ya kukunja, ya rangi ya fedha, ikiwa bado na karatasi ya nailoni kwenye kioo. Mwanawe alimtumia kutoka Houston kwa mkono wa msafiri.

"Shikamoo, mama," fundi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Niwekee laini humu, mimi macho yangu hayaoni matundu madogo."

Fundi alitoa betri, akaigeuza simu huku na huku, akapitisha ukucha kwenye kila mfereji. "Mama, simu hii haina pa kuweka laini."

"Haina vipi? Simu isiyo na laini inapigaje?"

"Kwao huko kampuni inaijua simu yenyewe. Haihitaji kadi."

"Basi waambie na hawa wa hapa waijue."

Fundi alicheka kwa upole, na mama naye akacheka, ingawa nadhani hakuwa ametania. Alichokisema kilikuwa ufumbuzi sahihi wa kiufundi. Simu za CDMA za Marekani zilibeba namba yao ya kiwandani ndani, na kampuni ilikuwa na daftari la namba ilizozikubali. Simu isiyokuwemo kwenye daftari haikuingia mtandaoni hata kama mfumo wake, masafa yake na afya yake vilikuwa sawasawa. Lakini mwaka ule hapakuwa na CDMA ya kupigia Dar es Salaam, na hata ingekuwepo, kampuni ingepaswa kukubali kuliandika jina la mgeni. Simu za iDEN zilidanganya zaidi, kwa kuwa za baadaye zilikuwa na kadi inayofanana na laini, na mtu aliichomoa, akachomeka yake, akangoja mistari ambayo isingekuja.

Lazima niwe mwadilifu kwa CDMA. Kwa upande wa redio, Qualcomm walikuwa na hoja. Badala ya kugawa zamu, simu zote katika eneo hutuma kwa pamoja kwenye chaneli moja yenye upana wa megahezi 1.25, na kila mazungumzo huwekewa msimbo wake ili mpokeaji ayachuje kutoka kwenye kelele za wengine. Wengi walisema haiwezekani. Mwaka 1989 wakaionyesha San Diego, mwaka 1993 ikakubaliwa kuwa kiwango rasmi cha Marekani, Hong Kong ikafungua mtandao wa kibiashara mwaka 1995 na Korea Kusini mwaka 1996. Hata Wazungu wa GSM walipobuni kizazi cha tatu, walichukua mbinu ya misimbo na kuacha ya zamu. Wahandisi wa CDMA walishinda mjadala wa redio. Kaunta ya Kariakoo haikuwa na habari na mjadala huo, kwa sababu swali la kaunta lilikuwa moja tu: naweza kutoa laini yangu hapa nikaiweka pale?

CDMA ilifika kwetu baadaye, na kufika kwake kulithibitisha jambo hilo. Katika miaka ya 2000 TTCL ilitumia mfumo huo, Telkom Kenya ikautumia kwa simu za mezani zisizo na waya, na Sasatel ikajaribu kujenga kampuni nzima ya CDMA nchini Tanzania. Kwa data zilikuwa nzuri. Zile simu za mezani zilizopendwa na wazee kwa vitufe vyake vikubwa zilikuwa na sauti safi. Lakini mteja alilazimika kununua simu ya kampuni ileile, na siku alipochoka nayo hakuwa na wa kumwuzia isipokuwa mteja mwingine wa kampuni hiyohiyo. Katika nchi ambayo simu hupita mikono mitatu au minne kabla ya kufa, kifaa kisichouzika mtaani kina bei kubwa kuliko iliyoandikwa dukani.

Kwa upande mwingine, Septemba 2006 Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania ili mteja apige kwa bei ya nyumbani akiwa nchi jirani. Magazeti yaliisifu kampuni kwa ubunifu wa bei, na ilistahili. Lakini mteja wa Namanga hakuhitaji kubadilisha simu wala kuiweka sawa kwa namna yoyote, na hilo lilikuwa limeamuliwa Copenhagen miaka 19 kabla.

Nimeyakumbuka haya yote kwa sababu maswali ya kibandani yameanza kunirudia. Kampuni kubwa za Marekani zilizima CDMA mwaka 2022, na leo simu nyingi mpya duniani zina laini na zinasoma 4G, hivyo mtu angedhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Kwenye 4G sauti hupita kama data, kwa utaratibu uitwao VoLTE, na ingawa kanuni zake ni za wote, kila kampuni huamua ni modeli zipi za simu itakazoziruhusu na kwa mipangilio ipi. Australia ilipozima 3G mwaka 2024, watu walijikuta na simu zenye intaneti ya kasi zisizoweza kupiga namba ya dharura, baadhi zikiwa zimenunuliwa nje ya nchi. Daftari la namba zinazokubalika, lile la simu ya mama wa Houston, limerudi kwa umbo jingine.

Huku kwetu hatujalisikia bado, na sababu ni kwamba minara ya 2G ingali inawaka. Simu yoyote iliyokataliwa kwenye VoLTE hushuka kimyakimya mpaka kwenye 3G au GSM, na kwenye GSM hupata chaneli ya kilohezi 200 na zamu moja kati ya nane, na mazungumzo yanaendelea. Mwenye simu huona alama ya 4G ikibadilika kuwa 3G, E au 2G kwa muda wa maongezi, kisha ikirudi. Jamaa wanaoniandikia kutoka ng'ambo wakiuliza kama simu yao itafanya kazi wakirudi likizo, huwajibu kwamba kwa sasa itapiga, kisha huwaomba wanitumie modeli kamili iliyoandikwa kwenye mipangilio, pamoja na herufi zake zote za mwisho, kwa kuwa kibandiko cha chini ya betri hakipo tena.